Ukizipata tamthilia za zamani za mchana kwenye DVD, usizitazame kwa pupa

Mwaka 2016 nilikuwa namhudumia bibi mmoja wa miaka 80 hapa Columbus, Ohio. Kazi yenyewe wengi wenu mlioko Marekani mnaijua: kumwogesha, kumpa dawa kwa saa, kumpikia, kukaa naye mpaka binti yake atoke kazini. Kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumtoka. Aliweza kuniuliza mara nne ndani ya saa moja kama ameshakula, na sahani bado iko mbele yake. Lakini saa kumi jioni ikikaribia, anaanza kuhangaika. Anapapasa kochi akitafuta rimoti, ananiambia nifanye haraka, hadithi zake zinaanza.

"Hadithi zangu." Ndivyo mabibi wengi wa Marekani wanavyoziita tamthilia za mchana.

Shida ni kwamba hadithi zake hazikuwepo tena. Guiding Light ilikuwa imezimwa Septemba 2009, baada ya miaka 72 ukihesabu tangu ilipoanzia redioni mwaka 1937. As the World Turns, ambayo mtangazaji wa habari Walter Cronkite aliikatiza Novemba 1963 kutangaza kwamba Rais Kennedy amepigwa risasi, nayo ikaisha Septemba 2010. Na ile aliyoipenda kuliko zote, Dark Shadows, ya familia tajiri ya Collins na binamu yao mnyonya damu, ilikuwa imefungwa tangu Aprili 1971. Alikuwa ameitazama akiwa mama kijana, ananyoosha nguo, na watoto wake wanakimbia kutoka shule wasiikose.

Binti yake akaniuliza kama kuna namna. Nikasema nitatafuta. Haya ninayoandika ni niliyojifunza katika kutafuta huko, na katika miaka miwili ya kukaa naye sebuleni tukitazama.

Nianze na ununuzi, maana hapo niliumia. Boksi la kwanza nililinunua kwenye duka la mitumba kwa dola 18, sikulifungua. Kava lilisema DVD nne. Nyumbani nikakuta ya tatu ni ya mazoezi ya viungo, imetiwa tu kujaza nafasi. Fungua boksi hapohapo dukani, soma kila DVD, igeuze kwenye mwanga uone mikwaruzo. Mikwaruzo ya kuzunguka, inayofuata mviringo wa DVD, ndiyo mibaya zaidi. Ile inayotoka katikati kwenda ukingoni mara nyingi deki huivuka. Kwa sababu hiyo hiyo ukiifuta DVD, futa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, usizungushe.

Baada ya hapo nilikwenda maktaba ya umma. Kama uko Marekani na hujawahi kuuliza maktaba yako kuhusu DVD za zamani, kaulize kesho. Wasipokuwa nayo, mara nyingi wanaweza kuiazima kutoka maktaba nyingine na wakakuletea.

Jambo la pili ni kujua unachonunua. Tamthilia hizi zilirushwa siku tano kwa wiki, mwaka mzima, kwa miongo. Hakuna boksi la kubeba Guiding Light yote. DVD zake zilizotoka, na za As the World Turns, nyingi ni mkusanyiko wa sehemu teule: harusi hii, kifo kile, ugomvi wa mwaka fulani. Ni nzuri kwa mtu ambaye tayari anawajua watu wake. Kwa mgeni ni sawa na kuingia matangani usijue aliyekufa ni nani.

Tena nyingi hazipo kabisa. Kanda za video miaka ya 1950 na 1960 zilikuwa ghali, na vituo vilikuwa vikifuta kipindi cha jana ili kurekodi cha kesho. Hilo linaniuma. Mwaka 1962 Agnes Nixon aliandika kwenye Guiding Light kisa cha Bert Bauer, mama wa nyumbani anayegundulika kuwa na saratani ya kizazi kwa sababu alikwenda kupima. Walikatazwa kutamka "saratani", wakakatazwa hata kutaja kizazi, na bado ujumbe ukawafikia wanawake. Mwaka 1968 mwandishi huyohuyo akaanzisha One Life to Live, na ndani yake akamweka Carla, mwanamke mweusi aliyekuwa akipita kwa watu kama mzungu, nafasi aliyoigiza Ellen Holly. Sehemu nyingi za miaka ile zilifutwa. Mimi mwanamke mweusi, niliyekuja nchi hii nikiwa mtu mzima, ningetoa dola 18 nyingine na zaidi ili niione ile hadithi siku baada ya siku kama walivyoiona wao.

Wasomaji wa umri wangu waliokulia Tanzania watakumbuka Twende na Wakati ya Radio Tanzania, iliyoanza 1993. Mkwaju, dereva wa lori, na mkewe Tunu. Kwetu Tanga tulikuwa tunakusanyika kuisikiliza, na wakubwa walikuwa wakizungumza mambo ya UKIMWI na uzazi wa mpango kwa kumsema Mkwaju, maana kumsema jirani ilikuwa aibu. Niliposoma habari za Bert Bauer nikamwona Tunu. Ni kazi ileile: habari nzito inaingizwa nyumbani na mtu ambaye umeshamzoea kama ndugu.

Basi, Dark Shadows. Nawashauri muanze na hii, na sababu ni ya wazi: karibu yote ipo. Sehemu 1,225, na iliyopotea ni moja tu, ile yenye namba 1219, nayo imejengwa upya kwa sauti iliyonusurika. Mwaka 2012 walitoa boksi la mfululizo mzima lenye umbo la jeneza, DVD 131 ndani yake. Boksi hilo sikulinunua. Tulitazama mikusanyiko midogo, mmoja baada ya mwingine.

Hapa kuna mtego. Boksi lililoandikwa Collection 1 halianzi mwanzo. Linaanza sehemu ya 210. Zile 209 za kwanza zimo kwenye maboksi mengine yaitwayo The Beginning. Nilipogundua hivyo nilitaka kurudisha, nikidhani tumeanzia katikati. Bibi akakataa. Na sasa nakubaliana naye kabisa: anzeni 210. Zile za mwanzo, yatima Victoria Winters anafika Collinsport kwa treni kwenda kulea mtoto kwenye jumba la familia ya Collins, zina utulivu wake, lakini rudini kwake baadaye, mkishawapenda watu wa nyumba ile. Kwenye 210 kijana mmoja mwizi, Willie Loomis, anaingia kaburini usiku akitafuta vito. Anakata minyororo ya jeneza. Anainua kifuniko, na mkono unatoka unamkaba koo. Kesho yake, kwenye 211, anabisha mlangoni mgeni mwenye adabu, amevaa koti la zamani na kushika fimbo. Anajitambulisha kuwa ni binamu yao kutoka Uingereza, Barnabas Collins.

Nilikulia Tanga nikitishiwa mumiani, yule mtu anayekamata watoto usiku na kuwatoa damu. Kwa hiyo mnyonya damu hakunishangaza. Kilichonishangaza ni kumhurumia. Jonathan Frid anamwigiza Barnabas kama mtu anayeona aibu ya njaa yake, na ukimwangalia macho mtu kama huyo, hofu inageuka kitu kingine.

Sasa nifike kwenye kosa langu kubwa, ambalo ndilo lililonifanya niandike. Wiki ya kwanza nilichukua DVD nikaenda nazo kwangu baada ya zamu. Nikatazama sehemu tisa usiku mmoja. Nikachoka vibaya. Watu wanarudia maneno yaleyale! Mtu anamwambia mwenzake jambo, kesho anamwambia tena, keshokutwa mwingine analirudia. Nikaanza kupitisha mbele kwa rimoti, natafuta mahali penye tukio. Nilipita sehemu karibu hamsini kwa siku chache.

Bibi yeye alikuwa na utaratibu wake, na haukujadiliwa. Sehemu moja kwa siku, saa kumi, Jumatatu mpaka Ijumaa. Jumamosi na Jumapili hapana. Mwanzo nilidhani ni ukaidi wa uzee. Kisha siku moja katika zile sehemu za kama 255 akatokea mtoto wa kike, amevaa gauni la kizamani na kofia, anacheza na mpira nje ya chumba alichofungiwa Maggie, msichana aliyetekwa na Barnabas, anaimba wimbo wa London Bridge. Mimi sikumjua. Nilikuwa nimeshapita hapo kwa rimoti na sikumwona kabisa. Bibi, ambaye asubuhi ile alikuwa amelisahau jina langu, akanyoosha kidole akasema kwa utulivu: "Huyo ni Sarah. Ni mdogo wake Barnabas. Amekufa."

Hadithi ilikuwa bado haijasema hivyo. Yeye alikuwa ameibeba tangu 1967.

Toka siku ile niliacha kutazama peke yangu, tukaenda kwa mwendo wake. Na hapo ndipo nilipouelewa ule urudiaji. Hadithi hizi ziliandikwa kwa mwanamke aliyesimama na pasi mkononi. Anasikiliza zaidi ya kutazama. Jumanne aliikosa kwa sababu mtoto aliumwa. Mwandishi anamrudishia ya jana ili asipotee, na anamrudishia kwa mdomo wa mtu mwingine kila mara, kwa hiyo unasikia nani anasema ukweli na nani anaongeza chumvi. Ukitazama tisa kwa usiku mmoja, hiyo inakuwa kero. Ukitazama moja kwa siku, ni kama jirani anayekuja jioni kukupa habari za mtaa. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huo: moja kwa siku, mbili ukizidiwa. Fanyeni kazi ya mikono wakati inaendelea. Mimi nilikuwa nakunja nguo zake. Ijumaa ikimalizika pabaya, iacheni ikae pabaya mpaka Jumatatu, maana iliandikwa ikuume siku mbili.

Makosa mtayaona. Kivuli cha maikrofoni kinapita ukutani, mwigizaji anasahau maneno na macho yanakwenda kutafuta yalipoandikwa, mlango unagoma. Kuhariri kanda kulikuwa ghali, kwa hiyo walicheza moja kwa moja kama jukwaani na kilichotoka ndicho kilichorushwa. Nawapenda kwa hilo. Picha nazo msizikatae: mwanzo ni nyeusi na nyeupe mpaka rangi ilipokuja Agosti 1967, na hata baadaye chache zinarudi nyeusi na nyeupe kwa sababu kilichookolewa ni filamu iliyopigwa kutoka kwenye kioo cha televisheni.

Yapo pia yaliyozeeka vibaya. Novemba 1981 watu kama milioni 30 walitazama harusi ya Luke na Laura kwenye tamthilia ya General Hospital, na mwigizaji Elizabeth Taylor akatokea kuwalaani. Lakini mapenzi yale yalianzia kwa Luke kumbaka Laura mwaka 1979, na hadithi ikalifanya penzi. Ukitazama na vijana, simamisha, mlizungumze.

Kwa wanaotaka kutuma nyumbani: DVD hufungwa kwa kanda, yaani maeneo ya dunia: za Marekani ni za kanda ya 1, Afrika Mashariki ni kanda ya 5. Hakikisheni deki ya huko inasoma kanda zote kabla hamjalipia mzigo.

Tulianza Machi. Miezi karibu mitano baada ya yule mtoto kutokea na mpira wake, tukafika kwenye kisa cha mwaka 1795, pale hadithi inaporudi nyuma na kuonyesha jinsi Barnabas alivyolaaniwa na mchawi Angelique. Ndani yake Sarah yuko hai. Anacheza, anadeka, kaka yake anambeba. Ilikuwa Januari, theluji nje, tulipofika usiku anapomwona kaka yake amekuwa kitu kingine, anakimbilia makaburini, baridi inampata, na anafia mikononi mwake.

Niliacha kukunja nguo. Bibi alikuwa analia bila sauti. Nikamshika mkono, nikasubiri. Akasema alikuwa na mdogo wake pia, walilala kitanda kimoja, alikufa kwa homa akiwa na miaka sita. Akataja jina lake. Akaeleza blanketi walilojifunika, lilikuwa na viraka vya kijani, na mama yao alilichoma moto baada ya mazishi.

Binti yake aliporudi nikamweleza. Akakaa chini na koti lake bado mwilini. Miaka yote hiyo hakuwahi kuambiwa kwamba mama yake alikuwa na mdogo. Akaniomba nilirudie lile jina, akaliandika nyuma ya bahasha.

Kesho yake saa kumi ilipokaribia, bibi akaanza kupapasa kochi akitafuta rimoti.