Uliza kwanza kama kuna kilichotokea

Wadogo zangu mnaoanza kidato cha tatu, nafundisha tuisheni ya kemia jioni hapa Chake Chake, na kosa ninalolikuta zaidi kwenye madaftari ni la mtu kusawazisha mlinganyo, yaani kulinganisha idadi ya atomu za pande mbili za mshale, kabla hajahakikisha fomula zake.

Chukueni kalsiamu kloridi na sodiamu kabonati. Kushoto kuna CaCl₂ + Na₂CO₃, kulia CaCO₃ na NaCl. Mwanafunzi anaona klorini mbili huku na moja kule, basi anaandika NaCl₂ na hesabu inakaa. Chumvi hiyo huipati duka lolote. Namba ndogo ya chini imepangwa na velensi, yaani uwezo wa atomu kuungana na nyingine, na ukishaiandika sawasawa hairudiwi tena. Unayoruhusiwa kuichezea ni namba ya mbele: 2NaCl. Ukiiweka hiyo 2, sodiamu nayo inakamilika bila ya kuhangaishwa.

Kundi kama SO₄ (salfeti) likivuka mshale likiwa zima, lihesabu kama kitu kimoja. 2Al(OH)₃ + 3H₂SO₄ → Al₂(SO₄)₃ + 6H₂O inatisha kwa wanaohesabu oksijeni moja moja, lakini anayehesabu salfeti anaimaliza kwa mistari miwili. Elementi iliyo peke yake iache mwisho. Butani ya mtungi wa gesi ikiungua, sawazisha kaboni, kisha haidrojeni, ndipo uiendee O₂. Ukipata 13/2 usishtuke, zidisha kila kitu kwa 2: 2C₄H₁₀ + 13O₂ → 8CO₂ + 10H₂O.

Sasa hapa ndipo wengi wanapopotea. Mlinganyo unaweza kusawazika vizuri kabisa na kwenye bika kusitokee chochote. KNO₃ + NaCl → KCl + NaNO₃ hauna hata haja ya namba za mbele. Changanya miyeyuko hiyo miwili, ukae uitazame mpaka adhana ya magharibi: maji ni yale yale, kwa sababu chumvi zote nne zinayeyuka na hakuna inayojitenga na maji. Jibu sahihi ni kwamba hakuna mmenyuko, na mwalimu wa skuli anayetunga swali hilo anajua nani atanasa.

Kwa hiyo kanuni za uyeyukaji zije kabla ya mshale. Naitreti zote zinayeyuka. Chumvi za sodiamu, potasiamu na amoniamu nazo zinayeyuka. Mbili hizo zijueni hata usingizini. Kloridi zinayeyuka isipokuwa za fedha na risasi, na ya risasi hukubali maji ya moto. Salfeti za bariamu na risasi hukataa. Ya kalsiamu huyeyuka kidogo tu. Kabonati na haidroksidi ni kinyume: nyingi haziyeyuki, ila zile za sodiamu, potasiamu na amoniamu. Haidroksidi ya kalsiamu huyeyuka kidogo, na ndiyo maji ya chokaa mnayopulizia pumzi maabara yakageuka maziwa.

Asiyeamini habari ya kabonati afunue birika la nyumbani, hasa kwa wanaochota visima vya kwenye mawe ya matumbawe. Maji yale yanabeba Ca(HCO₃)₂ iliyoyeyuka; yakichemka inakuwa CaCO₃ + H₂O + CO₂, na CaCO₃ inaganda ndani kuwa ukoko mweupe. Kamulia ndimu juu yake uone povu.

Kwenye mtihani wa vitendo, ukipewa chumvi usiyoijua, tia kidogo kwenye maji baridi kabla ya jambo jingine. Ikiyeyuka, halafu ikatoa povu kwa asidi, ni kabonati au haidrojeni kabonati, na kwa chumvi za maabara ya skuli umebaki na sodiamu, potasiamu au amoniamu. Pasha moto kidogo pamoja na myeyuko wa sodiamu haidroksidi, ushike karatasi ya litmasi nyekundu iliyoloweshwa mdomoni mwa tyubu. Ikigeuka buluu, ni amoniamu.