Mwalimu, wewe unanunua wapi?

Mhariri, mmeuliza wiki hii kama maadili yanafundishika darasani au mtoto huja nayo kutoka kwao. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, upande wa Sahare. Yanafundishika, ila si kwa namna tuliyoizoea wengi wetu.

Tazama mitihani yetu. Ukiokota pochi njiani utafanya nini: utaificha, utagawana na rafiki, au utamrudishia mwenyewe? Swali hilo hata mwizi analipata. Mtaala ulioboreshwa wa 2023 umetuletea somo la Historia ya Tanzania na Maadili, nami nalipenda, lakini tukilitungia maswali ya pochi tutabaki palepale.

Siku moja niliwaandikia darasa la sita ubaoni: mama kakupa shilingi 3,000 ukalete samaki. Mchuuzi wa kwanza ana changu wa dema, yaani wa mtego, fungu lina wanne tu. Wa pili ana vibua, fungu limejaa sahani kwa bei hiyohiyo, ila ukimminya mmoja nyama inabonyea na uti wa mgongo umevunjika. Samaki wa baruti, waliolipuliwa baharini. Utanunua kwa nani?

Huku kwetu hicho si kisa cha kutunga. Sheria ya Uvuvi ya 2003 imekataza baruti, na Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, yule samaki wa kale, tunayo tangu 2009, lakini watoto hawa wamekua wakisikia habari za mlio ule unaoua wakubwa kwa wadogo na kuyasaga matumbawe.

"Kwa wa kwanza, mwalimu!" Darasa zima, kwa sauti moja. Nikauliza: na mama akisema mbona wanne, nyumbani mko wanane? Kimya.

Kisha mmoja, mwanafunzi hodari wa madrasa, akasema samaki hachinjwi, kwa hiyo baruti haiwezi kumfanya haramu. Binti mmoja akamgeukia: "Babu yangu anatega madema. Siku hizi anarudi na madema matupu. Hiyo ni halali?" Wakashikana hapo, na mimi nikakaa kimya, jambo ambalo walimu hatuliwezi.

Hapo ndipo kijana wa dawati la nyuma aliponyoosha mkono. "Mwalimu, wewe unanunua wapi?"

Ningeweza kumnyamazisha. Lakini mama zao wengine ni wachuuzi, wanajua nani kabeba nini. Nikawaambia kweli: Ramadhani moja, mwisho wa mwezi, mshahara haujaingia, nilinunua vibua wa baruti huku nikijua. Mke wangu alipouliza mbona wamelegea hivi nikasema ni jua la sokoni. Hakuna aliyecheka. Yule binti akauliza kwa upole kama kudanganya ndiyo kulikuwa kubaya zaidi au kununua, tukabishana mpaka kengele ikalia. Sikutoa alama. Sikujua ningempa nani.

Wiki iliyofuata mzazi mmoja alinikamata langoni, kanga kaifunga kwa hasira. "Mwalimu, mwanangu mmemfundisha nini? Nikimtuma samaki anamminya kila mmoja mgongo. Wachuuzi wanamfukuza, saa saba ananirudia na pesa mkononi, wenzake wana njaa!"

Nilimpa shikamoo. Jibu la kumpa sikuwa nalo, na bado ninalitafuta.