Uliza Fundi: Waya Upi, Jedwali Lipi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi umeme niliyejifunza kazi Tanga, na sasa ninaishi Houston, Texas. Nimekwisha kutimiza saa 8,000 za kazi chini ya fundi mkuu, zinazotakiwa kwa leseni ya ngazi wanayoiita “journeyman”, yaani fundi aliyehitimu ila bado si fundi mkuu. Mtihani nimeufanya mara mbili, na mara zote mbili nimepungukiwa kidogo kufikia asilimia 70. Kitabu cha kanuni kinaruhusiwa, nami nimekisoma, lakini maswali yamepinda kiasi kwamba hata nikilipata jedwali, huwa silo. Kwa mfano, niliulizwa ukubwa wa waya wa ardhi wa shaba kwa nyumba yenye umeme wa ampea 200. Mimi nilijibu namba 6 (kwa namba za unene wa waya za Marekani), mwenzangu anasisitiza ni namba 4, na kitabuni tumeyakuta majibu yote mawili. Nijiandaeje?
Fundi wa Tanga, Houston

JIBU: Marahaba, fundi. Wewe na mwenzako nyote mlikuwa sahihi, ila kila mmoja alikuwa akijibu swali lake, na hapo ndipo alama zako zinapopotelea.

Katika kanuni za umeme za Marekani, NEC, ambazo NFPA, shirika la Marekani la kinga ya moto, huzitolea toleo jipya kila baada ya miaka mitatu, kuna nyaya kadhaa ambazo sisi kwa Kiswahili cha kazini huziita zote “waya wa ardhi”. Upo waya unaotoka kwenye boksi kuu la umeme kwenda kwenye ardhi yenyewe, na huo hupimwa kwa Jedwali 250.66, kwa kutazama unene wa nyaya zinazoingiza umeme nyumbani: zikiwa za shaba, ukubwa wa 3/0 (unene unaozidi namba 4), basi waya huo ni namba 4. Upo mwingine unaofuatana na nyaya za sakiti hadi kwenye umbo la nje la mashine au la soketi, na huo hupimwa kwa Jedwali 250.122, ambalo halitazami unene wa nyaya bali ukubwa wa breka: kwa breka ya ampea 200, ni namba 6 ya shaba. Kisha mtahini akitaka kukuchezea zaidi, atasema kwamba ule waya wa kwanza unakwenda kwenye ethi rodi (fimbo ya chuma inayopigiliwa ardhini) peke yake, na hapo kifungu 250.66(A) hakikulazimishi kuzidi namba 6. Majina ya Kiingereza ya nyaya hizi yanatofautiana kwa neno moja au mawili tu, na mtu anayesoma kwa haraka huku saa inamkimbiza hawezi kuliona neno hilo iwapo kichwani mwake zote zina jina moja.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba uyaweke majedwali kando kwa wiki mbili, uisome Ibara 100 ya maana za maneno, kisha kila waya uupe jina lake la Kiswahili ulilolitunga mwenyewe, lisilofanana na jingine. Ukikutana na swali, kabla hujagusa kitabu, jiulize ni waya upi unaotajwa na unapimwa kwa kitu gani: kwa waya mwingine, kwa breka, au kwa mzigo.

Mtego wa pili unawanasa hata mafundi wazuri. Chukua nyaya tisa za shaba namba 12, aina ya THHN, zote zinabeba umeme, zimo ndani ya bomba moja lililopita darini penye joto la nyuzi 43 za selsiasi. Wengi huanza na ampea 20, kwa sababu wamezoea kwamba namba 12 hufungwa breka ya 20, kisha wanapunguza kutoka hapo na kuishia pabaya. Waya huo unastahimili nyuzi 90, hivyo upunguzaji unaanzia kwenye safu ya nyuzi 90 ya Jedwali 310.16, yaani ampea 30. Zidisha kwa 0.87 kwa ajili ya joto, zidisha tena kwa 0.70 kwa kuwa nyaya ni kati ya saba na tisa, upate ampea 18.27. Safu ya nyuzi 60 au 75 inarudi mwishoni tu, kuhakikisha kwamba jibu halizidi uwezo wa sehemu waya unapobanwa.

Swali halijaisha hapo. Breka ya ampea 18 haimo katika orodha ya kawaida ya kifungu 240.6, na kifungu 240.4(B) kinakuruhusu kupanda hadi 20, isipokuwa kama sakiti hiyo inalisha soketi zaidi ya moja za vifaa vya kuhamishika vya kuchomeka, ambapo utashuka hadi 15. Neno “soketi” likiwa limefichwa mwanzoni mwa swali refu, ndilo linaloamua jibu.

Kwa mota, kumbuka kwamba nyaya hukokotolewa kwa ampea za jedwali la Ibara 430, si za kibandiko cha mota, lakini kinga ya kuzidiwa mzigo hufuata kibandiko. Swali likikupa namba zote mbili, moja ni chambo.

Soma pia kifungu 90.5 mpaka ukizoee. Kanuni ikisema “shall”, ni lazima. Ikisema “shall be permitted”, ni ruhusa, na asiyeitumia hajakosea. Yale maelezo ya ziada yanayofuata baadhi ya vifungu si amri kabisa, ingawa watahini hupenda kuyaweka miongoni mwa majibu.

Tena, kwa kuwa umejifunzia nyumbani, jichunge na mazoea ya mkono. Waliofundishwa kwa rangi za zamani za Kiingereza wanaujua waya mweusi kuwa nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme. Marekani nyutro ni mweupe au wa kijivu, na mweusi kwa kawaida ndio wenye moto. Namba za waya nazo huenda kinyume na milimita zetu, maana namba ikipungua waya unanenepa. Na hakikisha kitabu ulichonacho ni cha toleo linalotahiniwa: Texas ilianza kutumia toleo la 2023 tarehe 1 Septemba 2023, na baadhi ya vifungu vimehama mahali tangu matoleo ya nyuma.

SWALI: Boksi lina kebo mbili za namba 12, kila moja ina nyaya mbili na waya wa ardhi; humo pia mna soketi moja na vibano vya ndani vya kushikia kebo. Nikikokotoa ujazo mdogo kabisa ambao boksi linatakiwa kuwa nao, mimi hupata inchi za ujazo 15.75, lakini kitabu cha mazoezi kinasema 18. Nani kakosea?
Msomaji, Columbus, Ohio

JIBU: Umekosea wewe, lakini mahali pamoja tu. Nyaya nne zinahesabiwa nne, nyaya za ardhi zote mbili zinahesabiwa moja, na vibano vyote vinahesabiwa kimoja, hayo uliyapata. Soketi ndiyo uliyoipa nafasi moja, wakati kifungu 314.16(B) kinaipa mbili. Jumla ni nane, na kila nafasi ya namba 12 ni inchi za ujazo 2.25, hivyo 18 kamili. Siku watakapokuongezea kipande kifupi cha waya kinachoanzia na kuishia ndani ya boksi hilohilo, usikihesabu. Jibu litabaki 18.