Jibu: Seva haijiwashi umeme ukirudi, na je, niweke nywila kwenye BIOS?
Mkuu, tuanze na umeme. Ingia BIOS (programu ya msingi inayoiamsha seva kabla ya mfumo endeshi), tafuta kipengele kinachoamua seva ifanye nini umeme ukirudi, kisha chagua irudie hali iliyokuwa nayo kabla ya kukatika. Kama unazo nyingi, zipishanishe kuwaka kwa sekunde kadhaa, la sivyo zitavuta umeme kwa mpigo mmoja na kuangusha swichi ya umeme (breka).

Nywila weka, ila iwe ya msimamizi, ile inayolinda mipangilio tu. Ukiweka ya kuwashia, seva itasimama ikisubiri mtu aje kuiandika, hata saa nane usiku! (Yalinikuta.)

Secure Boot nayo (ulinzi unaoruhusu programu zilizothibitishwa tu kuanza seva inapowaka) iwashe. Lakini kama diski imefungwa kwa BitLocker (programu ya Windows ya kusimba diski), uwe na ufunguo wa kurejesha mkononi kwanza, maana huenda ukaulizwa.