Jibu: Baba aliugua saratani ya utumbo mpana, je, nipime kabla ya kuona dalili?

Ndugu muuliza swali, umeeleza kwamba baba yako aligunduliwa kuwa na saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 52, kwamba wewe una miaka 41, huna maumivu wala damu chooni, na kwamba umeambiwa usubiri mpaka dalili zijitokeze. Kwa heshima zote kwa aliyekupa ushauri huo, nakusihi usisubiri. Nitajibu kwa urefu, kwa sababu ugonjwa huu umepita nyumbani kwetu.

Kaka yangu mkubwa aligunduliwa akiwa na miaka 47. Kwa muda mrefu alikuwa akiona damu kidogo kila anapokwenda haja kubwa, na kila alipokwenda kutibiwa aliambiwa ni bawasiri, akapewa dawa ya kupaka na kushauriwa ale mapapai na kunywa maji mengi. Hakuna aliyempima kwa kidole, wala aliyemtajia kipimo cha kamera. Baadaye akaanza kuishiwa nguvu, akaonekana amepungukiwa damu, akapewa vidonge vya kuongeza damu, hadi daktari mmoja wa upasuaji alipouliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa mapema: mwanamume wa umri huu damu yake inapotelea wapi? Kamera ilipoingizwa, uvimbe ulikuwa umekwishakua, na picha za tumbo zikaonyesha kuwa ugonjwa umefika kwenye ini. Alifanyiwa upasuaji, akapata tiba ya dawa, lakini hatukubahatika kuwa naye kwa muda mrefu.

Jambo ambalo ningependa kila mtu mwenye historia kama yetu alielewe ni kwamba saratani hii, kwa kawaida, haianzi ikiwa saratani. Huanza kama kinyama kidogo kinachoota kwenye ukuta wa ndani wa utumbo, ambacho madaktari hukiita polipu. Vinyama vingi havileti madhara, lakini baadhi hubadilika polepole, na mabadiliko hayo mara nyingi huchukua miaka 10 hivi au zaidi. Katika kipindi hicho chote mwenye nacho anaweza kula, kufanya kazi na kulala vizuri bila kuhisi chochote. Kikionekana kwa kamera hukatwa hapo hapo, na ugonjwa ambao ungekuja baadaye unakuwa umezuiwa. Ndiyo maana kumwambia mtu asubiri dalili ni kumnyima kile kipindi ambacho kinga inawezekana.

Kuhusu umri, miongozo imebadilika. Marekani, kwa mfano, mwaka 2021 ilishusha umri wa kuanza uchunguzi kwa watu wasio na hatari ya pekee kutoka miaka 50 hadi 45, kwa kuwa ugonjwa umekuwa ukiongezeka miongoni mwa vijana. Mwigizaji Chadwick Boseman aligunduliwa mwaka 2016 na akafariki mwaka 2020 akiwa na miaka 43, yaani hakufikia hata huo umri mpya. Kwa mtu ambaye mzazi au ndugu yake wa tumbo moja aliugua kabla ya miaka 60, hesabu ni nyingine: huanza kupimwa kwa kamera akiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu huyo aligunduliwa, kutegemea lipi linatangulia, kisha hurudia kila baada ya miaka 5. Kwa upande wako, 52 kutoa 10 ni 42, hivyo 40 ndiyo inayotangulia, nawe umekwishaivuka. Kwetu sisi, wadogo wa marehemu, hesabu ilitupeleka kwenye miaka 37.

Kipimo chenyewe huitwa kolonoskopi, na kinachowatisha wengi ni maandalizi. Siku chache kabla unaacha vyakula vyenye nyuzinyuzi na mbegu. Siku moja kabla unakunywa vitu vyepesi visivyo na rangi nyekundu, kisha dawa ya kusafisha tumbo, nusu jioni na nusu alfajiri. Dawa hiyo ina ladha ya chumvichumvi inayochosha ulimi. Niliinywa ikiwa baridi, kwa mrija, na ndivyo ilivyopita. Usikae mbali na choo, na usiache kunywa hadi mwisho, kwani utumbo usiposafishika vizuri daktari anaweza asione kinyama kilichojificha. Kama unatumia dawa za kisukari au za kuzuia damu kuganda, sema mapema. Chumbani nililalia ubavu wa kushoto, nikachomwa dawa ya usingizi, na nilipozinduka niliambiwa kuna vinyama viwili vilivyokatwa kwa kitanzi cha waya na kupelekwa maabara. Majibu yalionyesha kuwa ni vya aina ile inayoweza kugeuka. Madhara kama kutoboka utumbo au kutoka damu nyingi yapo, ila ni nadra, na una haki ya kuelezwa kabla ya kusaini fomu.

Wengine mmeuliza kuhusu kipimo cha choo. Kile kinachotafuta damu isiyoonekana kwa macho ni kizuri, hufanywa kila mwaka, na kinamfaa mtu asiye na dalili wala historia ya familia. Kikitoka chanya, hatua inayofuata ni kamera, si kukirudia mpaka kitoke hasi. Ni kweli kwamba kichocho cha tumbo na amiba navyo huweza kutoa damu, hasa kwa wanaoishi kanda ya Ziwa, lakini kutibiwa kichocho hakuondoi haja ya kuangalia ndani. Na anayeona damu kwa macho, au anayepungua uzito bila sababu, huyo hahitaji uchunguzi wa kawaida. Anahitaji kumwona daktari sasa.

Kabla ya kwenda, tafuta karatasi ya majibu ya baba yako na uende nayo. Waulize wazee upande wake kama kuna wengine waliougua saratani ya utumbo au ya mji wa mimba wakiwa bado vijana, kwani ipo hali ya kurithi iitwayo Lynch, ambayo wenye nayo huanza kupimwa wakiwa na miaka 20 na kitu na kurudia kila mwaka mmoja au miwili. Wadogo zako nao waelezwe hesabu hii.