Roboti ya bei nafuu ya kufagia, kudeki na kumwaga vumbi yenyewe: maswali yenu na majibu

Maswali yaliyojaa wiki hizi ni ya mashine moja: ile roboti ya duara ya kufyonza vumbi, ya bei ya chini, ambayo boksi lake linaahidi mambo matatu kwa mpigo. Inafagia, inapiga deki, na ikimaliza inarudi kwenye kituo chake cha chaji na kumwaga vumbi yenyewe. Nimechagua maswali yanayowagusa wengi. Msimamo wangu nautanguliza: kwa mashine za daraja hili, hela yako iende kwanza kwenye kufagia na kwenye uwezo wa kujua njia. Kumwaga vumbi yenyewe ni msaada wa kweli. Kudeki uhesabu kama nyongeza tu.

Swali: Nimeona mbili za bei inayokaribiana. Moja imeandikwa Pa 5,000, nyingine Pa 8,000. Si nichukue ya 8,000 tu?

Usiamue kwa namba hiyo peke yake. Pa ni paskali, kipimo cha mgandamizo wa hewa, na kwa kawaida hupimwa mdomo wa kufyonzea ukiwa umezibwa na mota ikiwa kwenye kasi ya juu kabisa. Nyumbani mdomo hauzibwi. Vumbi hubebwa na hewa inayopita, na kiasi cha hewa hiyo hutegemea umbo la mdomo, ukubwa wa njia ya ndani na usafi wa kichujio. Isitoshe, kasi ya juu inakula betri na ina kelele, kwa hiyo siku nyingi utaitumia mashine kwenye kasi ya kati.

Ukiwa dukani, igeuze juu chini. Tazama brashi kuu, ile ndefu ya katikati. Je, ipo kweli? Baadhi ya mashine za bei ya chini zaidi zina tundu la kufyonzea tu. Hizo zinaweza kutosha kwenye vigae, lakini kwenye zulia hazifui dafu, kwa sababu zulia linahitaji kitu cha kulipiga na kulichambua. Bonyeza brashi kwa kidole uone kama inapanda na kushuka kufuata sakafu. Kisha ichomoe. Ncha zake zikifunguka, utaweza kuvua nywele zilizojiviringisha bila kuzikata kwa mkasi. Brashi ya mpira hushika nywele kidogo kuliko ya manyoya. Mambo haya utaishi nayo kila wiki.

Swali: Muuzaji ananiambia ya jairo inatosha, ya leza ni kupoteza hela. Ni kweli?

Hapana, na hapa sina mjadala. Tuelewane kwanza zinavyofanya kazi.

Roboti za mwanzo, kama Trilobite ya Electrolux iliyoingia sokoni mwaka 2001 na Roomba ya kwanza ya mwaka 2002, hazikuwa na ramani ya nyumba ya kuhifadhi. Roomba ile ilikuwa ikigonga kitu inageuka, inakwenda kwingine, na kwa kurudiarudia ilipita sehemu kubwa ya chumba. Ya jairo imepiga hatua: ina kifaa cha kuhisi inapogeuka, na inahesabu mizunguko ya magurudumu, hivyo inafagia kwa mistari. Tatizo ni kwamba gurudumu huteleza ukingoni mwa zulia au kwenye kizingiti, na kila kosa dogo hujumlishwa juu ya lililotangulia. Baada ya muda mashine inaamini iko sehemu ambayo haipo. Unakuta nusu ya sebule imepitwa mara mbili na nyuma ya kochi hapajaguswa. Ukiinyanyua katikati ya kazi, mara nyingi inaanza upya.

Ya leza ina kinara kidogo mgongoni kinachozunguka na kupima umbali hadi kwenye kuta na samani, hata gizani. Inachora ramani, na kwenye simu unaweza kugawa vyumba, kuchora maeneo ya marufuku na kuituma jikoni peke yake. Ina upungufu wake. Kinara huifanya mashine kuwa na kimo cha karibu sentimita 10, basi chukua rula upime chini ya kitanda kabla ya kununua. Kioo huipotosha. Pia leza huona vitu vilivyo kwenye usawa wake tu. Waya wa chaji ulio sakafuni, soksi na matamvua ya zulia viko chini ya mwale, na kama mashine haina kihisi kingine cha mbele, itavivaa na kujisokota.

Lakini fikiri hivi: kituo cha kumwaga vumbi kinafanya kazi pale tu roboti inapofika na kukaa sawasawa kwenye mlango wake. Mashine isiyojua njia ya kurudi inakuachia kikasha kilichojaa chini ya meza, na kile kituo ulichokilipia kinabaki kuwa chaja kubwa.

Swali: Kwenye tangazo wameandika "siku 60 bila kugusa vumbi". Niamini?

Piga hesabu ndogo. Kikasha cha ndani ya roboti kwa kawaida hubeba kama mililita 300, na mfuko wa kituoni lita 2 hadi 3. Mfuko wa lita 2.5 unabeba vikasha vinane vilivyojaa, na kidogo juu. Nyumba ya watu wawili yenye sakafu tupu inaweza kufika hizo siku 60. Nyumba yenye paka, mazulia na watoto wanaoingia na mchanga haitafika.

Teknolojia hii ilianza kujulikana na wengi mwaka 2018, Roomba i7+ ilipotoka, na namna yake haijabadilika sana. Roboti inajipachika kituoni, kilango kidogo kinafunguka, na feni yenye nguvu iliyo ndani ya kituo inavuta vumbi kwa sekunde kumi na kitu. Kelele yake ni ya kifyonza vumbi kikubwa, kwa hiyo weka saa za ukimya kwenye programu kama kuna mtoto anayelala.

Tangazo halikuonyeshi kinachobaki. Baada ya kituo kunyamaza, toa kikasha cha roboti ukifungue chini ya mwanga. Utaona vumbi la ungaunga limeondoka, ila kuna kitonge cha nywele na nyuzi kimejibana kwenye kona karibu na kilango, na juu ya kichujio kuna tabaka la kijivu lililogandamana. Kitonge kile kikiachwa, mara inayofuata kinakamata kingine, mpaka siku kilango kinaziba na kituo kinavuta hewa tupu huku simu ikikuarifu kwamba kazi imekamilika. Fungua kikasha mara moja kwa wiki, toa kwa vidole, kung'uta kichujio. Kichujio kioshe tu kama maelezo yanaruhusu, na kikauke kabisa kabla ya kukirudisha.

Mifuko nayo ni gharama isiyoisha. Kabla ya kulipa, ulizia kama mifuko ya mashine hiyo inapatikana, ya kampuni au ya watengenezaji wengine. Kuna vituo visivyo na mfuko, vyenye chombo cha kumwaga. Vinaokoa hela, lakini siku ya kumwaga vumbi linakurudia usoni. Mwenye pumu au mzio achukue chenye mfuko.

Swali: Shikamoo. Nikiinunua, nitaacha kabisa kudeki kwa mkono?

Marahaba. Hutaacha. Kwenye mashine nyingi za bei hii, deki ni kitambaa kilichobandikwa kwenye kibao, kinacholowanishwa na tanki dogo na kukokotwa nyuma ya roboti. Uzito unaokikandamiza ni mdogo. Kinaondoa lile vumbi laini linalobaki baada ya kufagia na alama nyepesi za nyayo. Mafuta, au kinywaji kilichokaukia sakafuni, kitapita juu yake na kwenda zake. Zenye kitambaa kinachotetemeka hufanya vizuri kidogo, na zenye vitambaa viwili vinavyozunguka ni bora zaidi, ingawa nazo zinahitaji msaada wako.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui mpaka wafungue boksi ni kwamba kituo cha bei nafuu kinamwaga vumbi tu. Hakioshi kitambaa, hakikikaushi, hakijazi maji. Baada ya vyumba viwili kitambaa kimechafuka, na kuanzia hapo kinasambaza uchafu. Kibandue, kioshe, kianike siku hiyohiyo. Kikiachwa chini ya mashine kimelowa, kesho kinanuka, na sakafu ya mbao chini yake inaweza kuvimba.

Tena kudeki na kumwaga vumbi kunagombana. Roboti ikipita penye majimaji huku inafyonza, vumbi linageuka tope ndani ya kikasha, linaganda kwenye kilango na kwenye bomba la kituo. Agiza ifagie nyumba nzima kwanza, imwage vumbi, ndipo ubandike kitambaa na kuiamuru ideki. Inachukua muda zaidi, lakini kituo chako kitadumu.

Kwenye tanki tia maji safi, na sabuni ile tu iliyotajwa na mtengenezaji. Jiki inaweza kula pampu na mipira yake. Na mazulia yachore kwenye ramani kama maeneo ya kutodeki. Hata mashine inayoinua kitambaa huinua milimita chache tu; inatosha mkeka mwembamba, haitoshi zulia la manyoya marefu.

Swali: Imegoma kuunganishwa na waifai, wakati simu yangu inashika vizuri.

Roboti nyingi za bei ya chini hutumia masafa ya 2.4 GHz pekee. Kama ruta yako inatoa 2.4 na 5 kwa jina moja, ingia kwenye mipangilio uzitenganishe, unganisha simu kwenye 2.4, kisha rudia.

Swali: Inakula umeme mwingi?

Kidogo. Betri ya volti 14.4 na mAh 2,600 inabeba kama wati-saa 37. Ya mAh 5,200 kama 75. Hata ukihesabu unaopotea wakati wa kuchaji, kujaza betri hakufiki robo ya uniti moja. Kituo kikikaa kwenye soketi mchana na usiku kinaweza kula karibu sawa na kazi yenyewe.

Swali: Inafika kwenye zulia letu jeusi na kurudi nyuma kama imeona shimo.

Ndivyo inavyoona. Chini yake kuna vihisi vya kuizuia isianguke kwenye ngazi: vinatuma mwanga wa infraredi na kusubiri urudi. Rangi nyeusi inaumeza mwanga huo. Usizibe vihisi kwa utepe wa kunata kama wengine wanavyoshauri, hasa kama nyumba ina ngazi. Zulia hilo lifagie kwa mkono.

Swali: Naogopa mashine inayochora ramani ya nyumba yangu na kuipeleka kwenye intaneti. Nina haki ya kuogopa?

Unayo. Mwaka 2024 wadukuzi waliziteka baadhi ya roboti za Ecovacs aina ya Deebot X2 huko Marekani na kuzitumia kuwatukania watu ndani ya nyumba zao. Mashine hiyo ina kamera na spika. Kwa bei ya chini ningechagua ya leza isiyo na kamera: ramani ya kuta ikivuja ni kero, lakini picha za familia ni jambo zito zaidi. Nenosiri la programu lisiwe lile unalotumia kwingine.

Kuna hatari nyingine isiyosemwa sana. Mwaka 2023 kampuni ya Vorwerk ya Ujerumani iliifunga Neato, iliyokuwa ikitengeneza roboti nzuri tu. Baadaye huduma zake za mtandaoni zikazimwa, na wenye mashine wakabaki kuziwasha kwa kitufe. Kwa hiyo uliza swali moja dukani: bila intaneti kabisa, kitufe cha mgongoni kitaiwasha, itafagia, itarudi kituoni na kumwaga vumbi? Jibu likiwa hapana, iache.

Swali: Yangu imefika jana. Niipimeje kabla siku za kurudisha hazijaisha?

Ipime kwa mizani. Pima kikasha kitupu, mwaga gramu 20 za mchanga mkavu sakafuni, nusu katikati na nusu kando ya ukuta, ufunge mlango wa chumba hicho na kuiacha ifagie. Isimamishe kabla haijarudi kituoni, maana kituo kitavuta ushahidi wako wote, kisha pima kikasha tena. Kwenye sakafu tupu, ikirudisha chini ya gramu 18 mimi ningeirejesha dukani. Angalia pia kama brashi ya pembeni inarusha mchanga mbali badala ya kuukusanya. Ikirusha, jaribu kasi ya chini. Rudia kwenye zulia, ambako utakubali matokeo madogo zaidi.

Halafu iache ifagie nyumba nzima usiku taa zikiwa zimezimwa, samani zikiwa pale zinapokaa siku zote. Irudie kwa siku kadhaa. Ikishindwa kufika kituoni, sogeza kituo kwanza: kiwe kimeegemea ukuta, pembeni kuwe na nusu mita wazi kila upande na mbele mita moja na nusu. Ikishindwa tena hapo, kosa ni lake.

Kwa deki, dondosha tone la maji yenye sukari, liache likauke, uone baada ya kupita mara mbili limebaki kiasi gani. Usiirudishe mashine kwa kushindwa mtihani huu peke yake. Boksi na vile vipande vya povu gumu vya ndani vihifadhi mpaka siku za kurudisha zipite, na kama utairudisha, mwaga maji yote ya tanki kabla ya kuifunga.