Re: Cheti cha Part 145 kinatosha kupata kazi za jeshi la Marekani?

Kaka, umeuliza kama karakana yenu ya Texas, yenye cheti cha Part 145 (kibali cha kukarabati ndege na vipuri vyake) kutoka FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, inaweza kuomba moja kwa moja zabuni za kufanyia ovahoo (kufungua, kukagua na kukarabati upya) pampu za haidroliki za ndege za jeshi. Kuomba unaweza, ila cheti hicho peke yake hakitoshi.

Kwanza jisajilini SAM.gov, tovuti ya serikali ya Marekani ya kusajili kampuni zinazotaka kandarasi zake. Ni bure kabisa. Mimi niliwahi kuletewa "ankara ya usajili" na watu wa kati, nusura nilipe. Hapo mtapata namba ya UEI na msimbo wa CAGE, vitambulisho ambavyo serikali hutumia kuitambua kampuni yenu.

Kigingi kiko kwenye kuidhinishwa. Vipuri nyeti vinataka karakana ikubaliwe kwanza na wahandisi wa jeshi, kwa kila kipuri, nanyi mwonyeshe michoro, vifaa vya kupimia na kazi mlizowahi kufanya. Anzeni na kipuri kimoja mnachokijua vizuri.

Na bei, chunga sana. Mkifungua pampu mkakuta shafti ina ufa ambao haumo kwenye mkataba, msiibadilishe hadi ofisa wa mkataba aidhinishe kwa maandishi. Mkitangulia, gharama inaweza kubaki kwenu.